Viazi karai na ukwaju: vipimo nilivyovipata mkononi mwa mama

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye anasoma chuo kikuu Nairobi, alinipigia simu saa moja za usiku akiwa karibu kulia. Alikuwa amewaalika wenzake wanne chumbani kwake awaonjeshe viazi karai vya Mombasa.

"Mama, viazi vimevua nguo," akaniambia. "Unga wote umebanduka, unaelea peke yake kwenye mafuta. Na huo ukwaju ni mkali, hauliki."

Nikamuuliza alitia maji kiasi gani.

"Kiasi ulichoniambia."

"Nilikwambia kiasi gani?"

"Uliniambia 'kiasi'."

Sikuwa na jibu. Ni kweli nilimwambia hivyo: unga kiasi, maji kiasi, chumvi kiasi, ukwaju uonje mwenyewe. Ndivyo nilivyofunzwa na mimi. Lakini mimi nilifunzwa nikiwa nimesimama kando ya karai, nikiona kwa macho. Yeye alifunzwa kwa simu.

Viazi hivi kwetu si kitafunio tu. Mama yangu aliviuza kwenye baraza ya nyumba yetu Mji wa Kale, kila siku baada ya alasiri, na karo yetu ya shule ilitoka kwenye karai lile. Leo umri umekwenda. Mikono inamtetemeka, na hasimami tena mbele ya moto. Usiku ule baada ya simu nilijiuliza: mapishi haya yameandikwa wapi? Hayakuandikwa popote. Yako mkononi mwa mama, na mkono wenyewe ndio huo unaotetemeka.

Jumamosi yake nikachukua mizani ndogo, kikombe cha kupimia na vijiko, nikaketi naye jikoni. Kila alipochota unga kwa konzi yake, nilitega bakuli nikaupima kabla haujaingia. Alikasirika. "Ewe mwanangu, hiki ni chakula ama dawa?" Nikamwambia ni cha mjukuu wake aliye mbali. Akanyamaza, akaniachia nipime. Tulirudia mara 3, na vipimo vikakaribiana kila mara. Hapo ndipo nilipojua kwamba "kiasi" cha mama hakikuwa cha kubahatisha hata kidogo. Kilikuwa kipimo kamili kisicho na jina.

Nimeviandika hapa kwa kuwa najua si binti yangu peke yake aliyeambiwa "kiasi".

Viazi karai vimetoka wapi

Viazi karai ni viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye rojo ya unga yenye manjano, kisha vikakaangwa kwenye mafuta mengi. Huliwa moto kwa ukwaju, na wengine huongeza chatini ya nazi. Utavikuta barabara ya Mama Ngina jioni watu wakipunga upepo, kwenye vibaraza vya Mji wa Kale, na mwezi wa Ramadhani katika futari za nyumba nyingi.

Asili yake ni ya Kihindi. Ni ndugu wa bhajia, na hata jina "karai" limetoka kwenye jina la Kihindi la chombo hicho cha kukaangia. Wafanyabiashara wa Gujarat walikuwa wakija pwani hii kwa upepo wa kaskazi tangu kabla ya Wareno, na wakati wa ujenzi wa reli, kuanzia mwaka 1896, wakaletwa vibarua wengi kutoka Bara Hindi. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Chakula chao huku kwetu kilipata uraia zamani.

Mama alivijua viazi hivi kwa jirani yetu wa Kigujarati tuliyeishi naye uchochoro mmoja. Mama akimpelekea mahamri, naye akirudisha sahani na kitu ndani, kwani sahani hairudishwi tupu. Jirani yule hakuwa akila nyama wala mayai, na ndiyo sababu rojo ya nyumbani kwetu haina yai mpaka leo, ingawa nyumba nyingine hutia.

Ila ukwaju una kisa chake. Waarabu waliuita "tamr hindi", yaani tende ya Hindi, na jina hilo likaenea duniani. Mti wenyewe, mkwaju, asili yake ni Afrika, na mpaka leo unaota katika nyika za Pwani na kule Ukambani. Kwa hivyo tunapoisifu ladha hiyo ya uchachu kuwa ya Kihindi, tukumbuke kwamba tunda ni la kwetu. Kiazi na pilipili ndivyo vilivyokuja kutoka mbali zaidi, Amerika.

Mahitaji

Vipimo hivi ni vya watu 4 au 5. Kikombe ni cha mililita 250.

Viazi na rojo:
- Viazi kilo 1, vya wastani, vinavyolingana ukubwa
- Unga wa ngano kikombe 1 (konzi 3 za mama)
- Unga wa dengu nusu kikombe
- Manjano nusu kijiko cha chai
- Bizari nyembamba ya kusaga nusu kijiko cha chai
- Pilipili ya unga nusu kijiko cha chai, au upendavyo
- Chumvi kijiko 1 cha chai, mbali na ile ya kuchemshia
- Kitunguu thomu punje 2, zilizopondwa
- Majani ya dania yaliyokatwa, vijiko vikubwa 2
- Maji baridi, karibu kikombe 1
- Mafuta ya kukaangia, yafike nusu ya karai, yasizidi

Ukwaju:
- Ukwaju uliomenywa gramu 100, donge kama mayai mawili
- Maji moto vikombe 2
- Sukari vijiko vikubwa 3, au sukari guru kiasi hicho hicho
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Pilipili mbichi 1 au 2, zilizopondwa
- Kitunguu thomu punje 1 na tangawizi kipande cha ncha ya kidole, vilivyopondwa
- Unga wa ngano kijiko 1 cha chai, uliokorogwa kwa maji baridi kidogo

Ukifuata mpangilio huu, kazi yote haipiti saa moja.

Kwanza, roweka ukwaju na uteleke viazi

Ukwaju utie kwenye bakuli, umwagie maji moto, uuache dakika 20. Wakati huo osha viazi, uviteleke na maganda yake, maji yavifunike, na utie chumvi kijiko 1. Usivimenye kwanza, wala usivikate. Kiazi kilichomenywa hunywa maji, na maji hayo ndiyo yatakayokubandulia rojo baadaye.

Maji yakianza kuchemka, hesabu dakika 15 kisha uchome kiazi kwa ncha ya kisu. Kisu kiingie, lakini kiazi kikukatalie kidogo katikati. Viazi aina ya Shangi, vilivyojaa sokoni siku hizi, huiva upesi na kupasuka, kwa hivyo anza kuvichoma baada ya dakika 10. Vikiwa tayari, mwaga maji, uvitandaze kwenye sinia vipoe. Kisha menya, ukate vikubwa vipande viwili, vidogo uviache vizima, na uvipanguse kwa kitambaa safi kikavu.

Hapa ndipo binti yangu alipokosea mwanzo. Alimenya, akakata, akachemsha mpaka vikalainika, kisha akavichovya vikiwa bado vinatoka mvuke.

Pili, pika ukwaju

Usipikie ukwaju kwenye sufuria ya alumini, zile za kawaida tunazopikia wali. Uchachu wa ukwaju hula alumini, na mchuzi ukapata ladha ya chuma. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au chungu cha udongo. Binti yangu alilalamika kwamba ukwaju wake ulikuwa na ladha ya sarafu, na sababu ilikuwa hiyo.

Uvuruge ukwaju ulioroweka kwa vidole mpaka kokwa ziachane na nyama, kisha uuchuje kwa chujio, ukikamua vizuri. Maji mazito yanayobaki yateleke kwa moto mdogo pamoja na chumvi, sukari, pilipili, thomu na tangawizi. Yakichemka dakika 5, tia ule unga uliokoroga, huku ukikoroga usije ukafanya madonge. Acha dakika nyingine 3 au 4. Ukwaju uwe mwepesi kuliko uji, mzito kuliko chai, uweze kushika mgongo wa kijiko.

Onja ukishapoa kidogo, kwa maana ukiwa moto ulimi hudanganyika. Uchachu uje mwanzo, utamu ufuate, pilipili ije nyuma. Ukiwa mkali mno, ongeza sukari nusu kijiko kwa nusu kijiko. Usikimbilie kuongeza maji, utapoteza uzito na ukali ubaki.

Kuna wanaouacha ukwaju wakatumia siki na tomato sosi ya chupa. Sitawagombeza, kila mtu na haraka zake. Ila siki ina uchachu mtupu, na ukwaju una uchachu na utamu wake na harufu ya tunda. Tofauti hiyo utaionja kwenye tonge la kwanza.

Tatu, koroga rojo

Changanya unga wa ngano, unga wa dengu, manjano, bizari, pilipili na chumvi vikiwa vikavu, ili manjano yaenee. Tia maji robo tatu ya kikombe, ukoroge mpaka madonge yaishe, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Mama hufanya jaribio moja. Huchovya kidole, akakiinua. Rojo ikikifunika kidole rangi ya ngozi isionekane, na ikadondoka polepole badala ya kumiminika, ni sawa. Ukiona ngozi, ongeza unga kijiko 1. Ikikataa kudondoka, ongeza maji kijiko 1.

Mwisho tia thomu na dania. Iache rojo dakika 10 ipumzike, unga wa dengu unywe maji. Ikizidi uzito baada ya hapo, irekebishe tena.

Dengu ni ya ladha na kukausha ganda, ngano ni ya kushika. Ukitumia ngano tupu utapata ganda laini kama la barabarani, maana wauzaji wengi hutumia ngano kwa kuwa ni rahisi. Ukitumia dengu tupu ladha itakuwa karibu zaidi na bhajia. Rangi ya chakula haihitajiki, manjano yanatosha.

Nne, kaanga, na usikilize

Pasha mafuta kwa moto wa wastani. Dondosha tone la rojo. Likizama likakaa chini, mafuta hayajawa tayari. Likipanda juu papo hapo likichemka pembeni, anza. Likipanda na kuwa jeusi upesi, punguza moto na usubiri.

Chovya kiazi, kidondoke kidogo, kisha kitelezeshe kando ya karai, usikirushe. Usitie zaidi ya vipande 6 au 7 kwa mara moja katika karai la kawaida. Ukijaza, mafuta yanapoa, na rojo inakunywa mafuta kabla haijakauka. Usivigeuze kwa dakika 1 ya mwanzo, ganda lishike kwanza. Kwa kuwa kiazi kimeshaiva, unachopika ni ganda tu, na dakika 4 zinatosha.

Jambo moja lilinishinda kulipima. Nilimuuliza mama anajuaje kwamba vimeiva, naye hatazami saa. Akasema, "Sikiliza." Mwanzo mafuta hupiga kelele nzito, kama mvua ya masika juu ya bati. Hiyo ni sauti ya maji yaliyo ndani ya rojo yakitoka. Maji yakipungua, kelele hupungua, povu likawa jembamba, na sauti ikawa ya manyunyu. Ukisikia manyunyu, epua. Rangi itakuwa ya dhahabu, na ganda likigongwa kwa kijiko litaitika.

Vitoe kwa kijiko cha matundu, uviweke kwenye chujio au waya vichuruzike mafuta. Ukivirundika vikiwa moto kwenye bakuli lenye kifuniko, mvuke utalainisha ganda, na kazi yako yote itakuwa ya bure.

Tahadhari moja si ya ladha. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike karai kwa kifuniko au sinia. Usimwage maji kabisa, maji hulipua moto. Watoto wasipite nyuma yako, wala mkono wa karai usielekee nje ya jiko.

Makosa ya kawaida na sababu zake

Rojo inabanduka: viazi vilikuwa na maji au moto, au rojo ilikuwa nyepesi.

Ganda linakunywa mafuta: mafuta hayakupata moto, au ulitia vipande vingi mno.

Nje vimeungua, ndani rojo mbichi: moto ulikuwa mkali.

Viazi vinavunjika ukichovya: vilipita kuiva. Viache vipoe kabisa vikazane. Vikikataa hata hivyo, vivuruge na chumvi, pilipili na ndimu, ufanye madonge, uyachovye hayo. Hapo utakuwa umepika kachori za viazi, na wageni hawatajua kwamba hukukusudia.

Tofauti za nyumba na uhifadhi

Rojo hii hii hufaa biringani zilizokatwa slesi nyembamba na vitunguu maji vya duara. Mboga hizo hazichemshwi kwanza, kwa hivyo zikate nyembamba na moto upunguzwe kidogo ili ziive ndani.

Anayetaka chatini ya nazi asage nazi 1 iliyokunwa pamoja na pilipili mbichi 1, dania konzi 1, ndimu 1 na chumvi. Iliwe siku hiyo hiyo. Nazi ya kusaga na joto letu hazipatani hata usiku mmoja.

Ukwaju uliopikwa hukaa siku kadhaa kwenye friji, ndani ya chupa ya glasi iliyo safi na kavu. Viazi vilivyokaangwa havihifadhiki vizuri, ila viazi vilivyochemshwa unaweza kuviweka kwenye friji usiku kucha, ukakaanga kesho yake. Wakati wa Ramadhani mimi huchemsha asubuhi na kupika ukwaju wa siku 3, ili baada ya alasiri ibaki kazi ya kukaanga tu.

Mafuta yakipoa yachuje mabaki yasiunguzwe tena. Yakishakuwa meusi, mazito au kutoa harufu, usiyarudie. Yatie kwenye chupa ya plastiki, uifunge, uitupe na taka, usiyamwage kwenye mfereji wa jikoni yakaganda humo. Na kwa wazee wetu wenye sukari na presha, hiki ni chakula cha kuonja, si cha kushiba. Mama mwenyewe sasa anakula vipande 2, nami namhesabia.

Andika na wewe

Nilimtumia binti yangu vipimo hivi vyote kwa simu. Wiki mbili baadaye akapiga tena, jioni, na nyuma yake nilisikia wasichana wakicheka na sahani zikigongana. Ganda lilikuwa limeshika. Akataka kuzungumza na nyanya yake.

Mama alichukua simu. Hakumuuliza habari za unga, wala maji, wala ukwaju. Alimuuliza jambo moja tu: "Ulisikia sauti yake ikipungua?"

Sikusikia jibu, lakini nilimwona mama akitikisa kichwa kukubali.

Msomaji, kama kwenu kuna mtu anayepika kwa "kiasi", mzee wa mahamri, wa mkate wa sinia, wa achari ya embe, usingoje simu ya kilio ndipo uanze kutafuta. Chukua kikombe na kijiko, keti kando yake, na umtegee bakuli chini ya mkono. Atakasirika kidogo. Mwambie ni kwa ajili ya mjukuu.